Lita ya Nne

Ijumaa hiyo Jemimah alikuwa na saa mbili tu kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, na giaboksi ya gari la mashindano la Zubair ilikuwa bado haijatiwa mafuta.

Gari lilikuwa juu ya shimo la gereji yao ya Kiogoro, kando ya barabara ya kuelekea mjini Kisii. Kwa kuwa kilima kile hakina mahali palipo sawa, alikuwa ameingiza vipande vya mbao chini ya magurudumu ya nyuma, akalaza pima maji kwenye sakafu ya gari, akatoa ubao mmoja, akaurudisha, mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati. Gari likiinama, mafuta hukimbilia upande mmoja na kipimo kinakuwa uongo. Siku mbili alizokuwa akiifunga ile giaboksi, alipaka kila jino mafuta kwa vidole vyake kabla ya kulirudisha mahali pake, ili isizunguke ikiwa kavu hata mara moja. Mgongo ulimuuma. Macho yalikuwa mekundu kwa kusoma ile karatasi ya maagizo iliyokuja na giaboksi, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama chembe za wimbi.

Sasa alikuwa shimoni, akimimina mafuta polepole kwa faneli na mpira. Mumewe, Nyasani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kumshikia. Kiharusi kilimpata miaka mitatu iliyopita. Kabla ya hapo gereji ilikuwa yake. Baada ya hapo alimfundisha mkewe kazi akiwa kwenye kile kiti, spana kwa spana, mpaka siku moja wateja wakaacha kumuuliza Jemimah mwenye gereji amekwenda wapi.

"Mama Linda, hiyo ni lita ya tatu?" akauliza.

"Ya tatu."

"Na huo mkebe mwingine?"

"Huo unabaki."

"Unabaki wa nini? Giaboksi inajazwa mpaka mafuta yachungulie kwa tundu la kujazia. Si nilikufunza hivyo?"

"Ulinifunza ya pikapu, Baba Linda. Hii si ya pikapu."

"Gia ni gia."

Jemimah aliinua faneli juu zaidi. Alikuwa akisubiri mafuta yashuke yote. Angeweza kumweleza kwamba giaboksi hii ina pampu yake ndogo, inayonyonya mafuta kutoka chini na kuyanyunyiza kwenye meno. Kwamba yakizidi, meno huyakoroga kama mtu anayepiga mayai, yakafanya povu, yakachemka, yakatafuta pa kutokea. Lakini jua lilikuwa limeshafika juu ya migomba ya jirani, na alikuwa hajaoga wala hajabandika chakula cha kesho.

"Nitakueleza Jumapili," akasema. "Saa hii niache nimalize."

Akafunga kifuniko cha tundu, akakikaza, kisha akakisokotea waya ili mtetemo wa gari usikilegeze. Akakata ncha ya waya kwa koleo.

Zubair aliingia wakati huohuo na dadake, Nasteho. Zubair alikuwa na duka la vipuri mjini na malori matatu ya kupeleka bidhaa Nyamira, na mashindano yalikuwa ndiyo starehe yake ya pekee. Nasteho ndiye aliyekaa kando yake garini akimsomea kona zinazokuja. Zubair alikuwa amesema wazi: gari likimaliza mbio za Jumapili kule Kebirigo, malori yote matatu yatakuja kwa Jemimah kwa matengenezo.

Akachungulia shimoni, akamwona Jemimah akipangusa mikono. Kisha akamgeukia Nyasani.

"Mzee, umeridhika nayo?"

Nyasani aliutupia jicho mkebe uliobaki. "Tumeridhika," akasema.

"Sawa. Wewe ukisema, mimi nalala." Akampa mkono wa kushoto, maana alijua, akaondoka. Nasteho ndiye aliyeinama ukingoni mwa shimo akasema, "Asante, Mama Linda. Umechoka sana, naona."

"Tumezoea," Jemimah akasema.

* * *

Jumamosi asubuhi Celestine, jirani yao, alimpitia Jemimah wakaenda kanisani. Nyasani alikuwa ameacha kwenda. Ngazi za kanisa zilikuwa saba, na kila Sabato ndugu wawili walikuwa wakimwinua na kumpandisha juu, huku watoto wakitazama. Siku moja mmoja wao alimwambia mwenzake, "Shika vizuri upande huo, ndio mzito," kama vile wanashusha gunia la saruji. Tangu hapo alisema mguu unamuuma.

Alikaa mlangoni pa gereji akilitazama lile gari. Neno moja lilimsumbua tangu jana. Aliulizwa kama ameridhika, akasema ameridhika, na hakuwa anajua chochote. Alikuwa fundi kwa miaka ishirini na mitano. Hakuna gari lililotoka mikononi mwake akiwa na wasiwasi nalo. Na sasa vijana wawili wangepanda hili na kulikimbiza kati ya mashamba ya majani chai, kwa sababu yeye alisema.

Alijua ni Sabato. Alijiambia hii si kazi, ni kuangalia tu.

Akashuka shimoni kwa makalio, ngazi moja, kisha nyingine, mguu mbovu ukifuata nyuma. Ilimchukua muda mrefu, na alipofika chini alikaa akihema, jasho likimtiririka. Kisha akasimama, akajiegemeza ukutani, akakata ule waya kwa koleo, mkono wa kushoto. Akafungua kifuniko. Akaingiza kidole ndani ya tundu kama alivyofanya mara elfu katika maisha yake, akakitoa.

Kidole kilikuwa kikavu.

Amepunja mafuta, akawaza. Maskini, alikuwa na haraka ya Sabato, akapunja. Hakumkasirikia. Kusema kweli alifurahi, furaha ambayo alikuwa ameisahau, ya mtu anayeona kosa ambalo wengine hawajaliona. Akauvuta ule mkebe wa nne, akang'oa kizibo chake kwa meno, akamimina lita nzima, mengine yakimwagikia shati, mpaka mafuta yakachungulia kwa tundu. Akarudisha kifuniko. Akasokota waya mpya. Kisha akapanda zile ngazi kinyumenyume, akabadilisha shati, akaketi mahali pake.

Jemimah aliporudi alimkuta mchangamfu. Mchana alikula ugali na mboga zote za chinsaga zilizokuwa kwenye sahani, akaomba tena. Alimuuliza habari za mahubiri. Jemimah akamwambia Celestine baadaye, walipokuwa uani, "Leo nimemwona kama yule wa zamani." Nyasani alitaka kumwambia, mara mbili alifungua kinywa. Lakini ingekuwa ni kumwambia umekosea, na uso wote wa Jemimah ulikuwa umechoka. Akaona heri amfichie. Jua lilipozama Zubair akaja na lori la kubebea gari, wakalichukua.

* * *

Njia ya mashindano ilikuwa ya udongo mwekundu, imezunguka mashamba ya chai nje kidogo ya Kebirigo. Watu walikaa juu ya kilima na miavuli. Jemimah alisimama karibu na hema la mafundi, ovaroli yake imefuliwa, sanduku la spana miguuni. Alikuwa fundi mwanamke pekee pale chini. Kijana mmoja wa kuuza soda alimuuliza kama anangoja mtu.

Mzunguko wa kwanza gari lilipita likilia vizuri. Wa pili, Jemimah alisikia sauti imebadilika, imekuwa nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Akasogea mbele. Mzunguko wa tatu gari lilitokea kwenye kona likiwa na moshi mweupe chini ya tumbo, kisha moshi ukaingia ndani, madirisha yakawa meupe, na gari likaacha njia. Likagonga ukingo wa udongo, likapanda, likalala ubavu katikati ya chai.

Alikimbia na wengine. Zubair alitoka mwenyewe akikohoa. Nasteho walimtoa polepole, mkono wa kulia ameukumbatia, midomo imekauka. "Si kitu," alikuwa akirudia, "si kitu," lakini mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, kila mtu aliona. Walimpeleka hospitalini na gari la huduma ya kwanza.

Zubair hakwenda nao mara moja. Gari lilipokokotwa mpaka hemani, alisimama mbele ya Jemimah, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Fungua," akasema. "Nataka kuona saa hii."

Ekzosi, lile bomba la moshi, lilikuwa limelowa mafuta yaliyoungua. Yalikuwa yametoka kwenye mrija wa kupumulia juu ya giaboksi, yakajaza ile chupa ndogo ya kuyanasia, yakafurika. Jemimah alielewa kabla hajagusa kitu. Alilala chini ya gari, akatafuta kifuniko cha tundu ili akifungue hewa iingie, na hapo akauona waya.

Yeye husokota waya kwa mkono wa kulia. Huu ulikuwa umesokotwa upande mwingine, mikunjo mikubwa mikubwa isiyolingana, na ncha yake haikupindwa. Aliutazama kwa muda. Kwao nyumbani, Sabato nzima, gari lilikuwa na mtu mmoja tu.

"Mama, kuna nini huko chini?" Zubair akauliza.

"Nafungua."

Akaukata ule waya, akautia mfukoni. Akafungua tundu la chini la kumwagia, akakinga mafuta kwenye jagi la kupimia. Yalitoka meupe, yamejaa povu, yananuka kuungua. Povu lilipotulia, Momanyi, fundi wa gereji kubwa ya mjini aliyekuwa amekuja na gari la mtu mwingine, aliinama akasoma alama za jagi kwa sauti ili wote wasikie.

"Tatu na nusu, na mengine yametoka njiani. Huyu aliweka nne." Akacheka kidogo. "Alifikiri ni sufuria ya uji."

Watu wakacheka.

"Karatasi ilisema ngapi?" Zubair akauliza.

"Tatu," Jemimah akasema.

"Na wewe uliweka ngapi?"

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Aliona watu walivyomzunguka, akamwona Momanyi akingoja, akaona jinsi kesho yake soko zima la mjini Kisii lingekuwa likisema kwamba Nyasani wa Kiogoro, aliyepooza, amevunja mkono wa msichana wa watu. Nyasani angeulizwa kila mahali. Angerudi kukaa kutwa akitazama mkono uliolala mapajani.

"Yalizidi," akasema.

"Yalizidi vipi? Kipimo si unacho? Nilikuuliza mara ngapi kama unaiweza hii kazi?"

"Yalizidi, Zubair. Pole. Pole sana kwa Nasteho."

Zubair alijipangusa uso kwa kiganja. Hakupiga kelele, na hilo likawa baya zaidi. "Mimi nilijua mzee anakusimamia. Ndiyo maana nilikubali. Angekuwa anakuangalia, haya hayangetokea." Akamgeukia Momanyi. "Kesho uje dukani tuongee habari ya yale malori."

* * *

Jemimah alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nyasani alikuwa amesogeza kiti mpaka ukingoni mwa barabara.

"Gari limeendaje?"

Jemimah alimpita, akaingia ndani, akaweka sanduku chini. Nyasani akamfuata akiburuta mguu. Akamkuta ameketi mezani, viatu bado vina matope.

"Mama Linda. Limemaliza?"

Akatoa ule waya mfukoni akauweka juu ya meza.

Nyasani aliutazama. Alijua kazi ya mkono wake. Akashika mgongo wa kiti, akakaa polepole.

"Limepinduka mzunguko wa tatu," Jemimah akasema. "Mafuta yalichemka yakamwagikia ekzosi. Nasteho amevunjika mkono."

"Yesu wangu. Ni mzima?"

"Ni mzima. Mkono umevunjika."

Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Niliingiza kidole," Nyasani akasema. "Kilikuwa kikavu."

"Kinatakiwa kuwa kikavu. Ina pampu."

"Hukuniambia ina pampu."

"Nilikuambia nitakueleza."

"Jumapili! Ulisema Jumapili, kama mtu anayeahidi mtoto peremende. Mimi ndiye niliyekufunza kushika spana."

"Ndiyo!" Jemimah akainua sauti, kisha ikafifia njiani. "Ndiyo, wewe ndiye. Kila mtu anajua. Kila siku naambiwa. Nimesoma ile karatasi siku mbili, usiku na mchana, mpaka kichwa kinauma. Na wewe ukachukua kidole chako ukaona mimi ni mjinga."

"Sikuona wewe ni mjinga. Niliona umechoka."

"Basi ungeniuliza. Nilirudi kanisani, tukakaa hapa hapa, ukala, ukaniuliza habari za mahubiri. Ungeniuliza."

Nyasani alikuwa akiusugua mkono wake mbovu kwa ule mzima, kama anayetaka kuuamsha.

"Umewaambia ni mimi?"

"Nimesema yalizidi."

"Kwa hiyo wanajua ni wewe."

"Wacha wajue hivyo. Malori yamekwenda kwa Momanyi. Ukisema au usiposema, yamekwenda. Mimi nataka kuoga, nilale."

Aliinuka. Mlangoni akasimama, akiwa amempa mgongo.

"Tangu uugue, sijakuona ukila kama jana," akasema. "Nilifurahi. Hilo ndilo linaniuma."

* * *

Jumanne asubuhi Jemimah alikuwa chini ya pikapu ya kubeba majani chai aliposikia sauti ya Celestine.

"Mama Linda! Baba Linda umemtuma mjini?"

"Mjini? Hayuko kwenye kiti?"

"Nimemwona kwenye bodaboda, amefungwa leso kiunoni na mwenye pikipiki asianguke. Amevaa koti la kanisa."

Jemimah alitoka na mafuta mikononi, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita.

Duka la Zubair lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wakinunua mikanda na vichujio, na Nasteho alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, mkono kwenye plasta, akiandika risiti taratibu kwa mkono wa kushoto. Jemimah alipofika mlangoni, Nyasani alikuwa amesimama katikati ya duka. Alikuwa amekataa kiti. Wateja walikuwa wamempisha nafasi kama watu wanavyompisha mgonjwa.

"…si mke wangu," alikuwa akisema. "Yeye aliweka tatu. Mimi niliingia shimoni akiwa kanisani, nikaongeza ya nne. Nimekuja kusema hilo, na kumwambia huyu msichana pole."

Zubair alitoka nyuma ya kaunta. Uso wake ulikuwa umelainika. Akamshika Nyasani bega.

"Mzee. Una roho nzuri sana."

"Sikuambii habari ya roho. Nakuambia niliongeza mafuta."

"Nimekusikia. Mume mwema husimama na mke wake, hata sisi msikitini tunafunzwa hivyo. Lakini usijibebeshe, mzee. Wewe ungeingia vipi kwenye lile shimo?"

"Kwa makalio."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na mkebe uliufungua na nini?"

"Na meno. Waya nilisokota kwa huu." Akainua mkono wa kushoto. "Mimi ni fundi. Nimefanya kazi hii kabla wewe hujazaliwa."

"Najua ulikuwa fundi, mzee," Zubair akasema kwa upole. "Kila mtu anajua ulikuwa. Hii imepita, mimi sina kinyongo na mama. Leteni soda hapa, mzee apumzike."

Nasteho alikuwa ameacha kuandika. Aliutazama ule mkono wa Nyasani, kisha kalamu katika mkono wake mwenyewe wa kushoto na risiti iliyojaa herufi zilizopinda. "Zubair," akasema, "mimi naona anasema kweli."

"Nasteho, wacha. Mzee amechoka."

Nyasani akageuka, na hapo ndipo alipomwona Jemimah mlangoni.

* * *

Hawakunywa soda. Waliketi kwenye ukingo wa baraza la duka la jirani lililokuwa bado limefungwa, kwa sababu mguu wa Nyasani ulikataa kwenda mbele. Wachuuzi wa ndizi walikuwa wakipita na mikokoteni. Koti la kanisa lilikuwa limeingia vumbi, na Jemimah akaanza kulipangusa, kisha akaona mikono yake ina grisi, akaacha.

"Hakuniamini," Nyasani akasema.

"Nimesikia."

"Nimesimama pale nikasema kweli, mbele ya watu wote, na ananishika bega. Anadhani siwezi. Hata kosa, anadhani siwezi kulifanya."

Jemimah alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, cha mtu ambaye hakulala vizuri siku nne.

"Sasa umeonja," akasema.

Nyasani akamgeukia kama anayetaka kujibu kwa ukali. Kisha uso wake ukalegea, akatazama barabara.

"Kila siku huwa ni hivi?" akauliza.

"Kuna siku nyingine zina nafuu."

"Na huniambii."

"Nikuambie nini? Wewe ndiye wanayemuuliza."

Nyasani alitikisa kichwa polepole. Hakusema pole, labda aliliona neno dogo, au labda alikuwa amelimaliza lote mle dukani. Jemimah naye hakulidai. Pikapu ya watu ilikuwa bado imefunguliwa kule Kiogoro, na mwenyewe angeitaka kabla majani chai hayajapimwa jioni. Alipaswa kuinuka. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera tangu Jumapili, jambo la kazi tu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Kile kifuniko," akasema. "Kinahitaji mikono miwili, mmoja ukishika giaboksi na mwingine spana. Ulikikaza vipi?"

Nyasani alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki.

"Nilijibana mgongo kwa ukuta. Nikabana mpini wa spana hapa, kwapani. Halafu nikausukuma kwa bega, kidogo kidogo."

Jemimah akafikiri, akiliona lile shimo, ukuta wake, na mwili wa mumewe humo ndani.

"Ulikikaza vizuri," akasema, akainuka, akampa mkono. "Pale hapakuvuja hata tone."